Uliza Kilichoingia Leo

Kuna tabia moja ya sisi wasafiri wa mwisho wa wiki ambayo ningependa tuitazame upya. Tunatoka mjini na njaa ambayo tayari ina jina. Mmoja ameshaamua atakula kamba koche, mwingine anaapa kwamba bila nguru wa kuchoma safari haijakamilika. Tunafika kijiji cha wavuvi, tunaketi chini ya paa la makuti, tunaagiza. Hatuulizi kama jana vyombo vilitoka. Hatuulizi mwezi uko tarehe ngapi wala upepo unavuma kutoka wapi. Tunaagiza kana kwamba bahari ni ghala na mvuvi ni karani wake.

Naamini adabu ya kula katika kijiji cha wavuvi inaanza na swali moja: leo kimeingia nini? Wala sizungumzii adabu ya kupendezesha maneno tu. Neno analolitamka mlaji mezani linafika baharini. Linaamua kesho kitafutwe nini, nani apige mbizi kukitafuta na mwambani kibaki nini.

Nina mahali ninapopafikiria ninaposema haya. Ni Kizimkazi, ncha ya kusini ya Unguja, kijiji ninachokirudia kila nipatapo nafasi. Kina sehemu mbili, Dimbani na Mkunguni. Dimbani ndiko uliko ule msikiti wa kale wenye maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa kufi yanayotaja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia. Maana yake ni kwamba zaidi ya miaka 900 iliyopita palikuwa na watu hapa wakiswali, wakioa na kuozesha, na bila shaka wakila kutoka bahari hiihii. Chini ya msikiti kuna ghuba ndogo iliyozungukwa na mawe ya matumbawe, na ndani yake zimetia nanga ngalawa na boti za faiba. Asubuhi wageni huja kuwatazama pomboo. Jua likipanda wanarudi na njaa, wanajaa kwenye migahawa michache iliyo juu ya ufuo.

Mgahawa ninaoupenda hauna orodha ya vyakula iliyochapwa. Mwenyewe ni mama wa makamo, mwenye sauti ya taratibu. Ukishamwamkia shikamoo, naye akishaitikia marahaba na kukukaribisha, anakutajia mwenyewe kilichopo. Siku moja ya mwezi wa Julai alituambia hivi: "Leo tuna changu, tuna pweza, na vibua kidogo. Nguru hapana, mwanangu. Kusi limekaza, vyombo havikwenda mbali."

Meza ya pili palikuwa na kijana aliyekuja na familia yake. Alitaka kamba koche. Aliambiwa hayupo. Akasema ametoka mbali kwa ajili ya kamba koche, na kwamba yuko tayari kulipa mara mbili ya bei. Hakusema kwa jeuri. Alisema kama mtu anayetaka kuwafurahisha watoto wake. Lakini kwenye ngazi za mawe alikuwa ameketi mvulana wa pale kijijini akitengeneza wavu, na aliposikia "mara mbili" akainua kichwa. Akaweka wavu chini, akachukua miwani yake ya kuzamia, akateremka.

Ilipita saa moja na kitu ndipo aliporudi, kaptura inachuruzika maji, vidole vimenywea kwa baridi. Mkononi alikuwa na kamba koche wawili, wadogo. Mama alimpokea mmoja, akamgeuza. Chini ya mkia palikuwa pamejaa mayai, punje ndogondogo za rangi ya chungwa zilizoshikamana kama shanga. Akamrudishia bila kupandisha sauti. "Huyu ana mayai, baba. Kamrudishe ulikomtoa. Na huyo mwenzake bado mtoto." Mvulana akasimama kidogo, akamtazama yule mgeni, akamtazama mama, kisha akateremka tena ngazi.

Simlaumu yule mvulana. Angeachaje kwenda? Fedha iliyotajwa pale mezani huenda ilizidi kipato chake cha siku kadhaa za wavu. Yule mgeni naye hakukusudia ubaya wowote. Lakini tazama jinsi neno lake lilivyosafiri. Lilitoka mezani, likashuka ngazi, likaingia majini, likafika kwenye pango la mwamba na kumtoa jike lenye mayai, yote hayo katika muda wa kupikwa wali. Siku ile palikuwa na mama wa kusema hapana. Kwenye meza nyingi za pwani hakuna wa kulisema neno hilo, kwa sababu anayelisema anapoteza mteja.

Historia ya Kizimkazi yenyewe inathibitisha nguvu ya anachokitaka mgeni. Zamani wavuvi wa huko waliwawinda pomboo kwa chusa, nyama yao ikawa chambo cha kuvulia papa. Katika miaka ya 1990 wageni walianza kuja na kulipa ili wawaone pomboo wakiwa hai, na uwindaji ule ukakoma. Pomboo akawa na thamani kubwa zaidi akiogelea kuliko akiwa amekatwakatwa ndani ya ngalawa. Baadaye matakwa hayohayo yalileta tatizo jingine, boti nyingi kulikimbilia kundi moja la pomboo kwa wakati mmoja bila kuwaachia nafasi ya kupumzika. Kwa hiyo mgeni aliwaokoa pomboo, na mgeni huyohuyo akawasumbua. Mvuvi hutafuta kile ambacho mtu yuko tayari kukilipia, na sioni kwa nini mambo yawe tofauti tunapohama kutoka kwenye boti ya pomboo kwenda kwenye sahani ya chakula cha mchana.

Viumbe wa baharini hawalingani, na ndiyo maana uchaguzi wetu una uzito. Kamba koche huchukua miaka kadhaa kukua. Chewa naye ana maisha ya ajabu: aina nyingi za chewa huanza wakiwa majike, na wachache wanaofikia umri mkubwa ndio wanaogeuka madume. Sasa sisi tukishindania kila mara chewa mkubwa wa kupamba sahani, tunawaondoa madume wa mwamba mzima. Pono, yule mwenye rangi za kupendeza na mdomo kama wa kasuku, kazi yake ni kukwangua majani yanayoota juu ya matumbawe, na mwamba uliokosa pono hufunikwa haraka. Lakini vibua na dagaa huzaana kwa wingi na kukua upesi. Ajabu ni kwamba hao ndio tunaowaona si samaki wa kuwekwa mbele ya mgeni.

Pweza ndiye anayenifundisha zaidi. Maisha yake ni mafupi mno, kama mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Jike hutaga mara moja tu, hukaa pangoni akiyalinda mayai bila kula, na yakishaanguliwa hufa. Lakini katika uhai wake huo mfupi hukua kwa kasi kubwa, hivi kwamba akiachwa miezi michache tu anakuwa pweza mwingine kabisa. Mwaka 2004 wavuvi wa kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, walikubaliana kufunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa. Walipofungua walipata pweza wakubwa na wazito. Habari ikaenea. Leo vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba navyo hufunga miamba yao kwa zamu, mara nyingi kwa miezi mitatu, kisha siku ya kufungua watu hushuka na maji kwa pamoja.

Tufikirie gharama ya kufunga huko. Pwani kwetu, kuchokoa pweza kwenye miamba iliyo karibu ni kazi ambayo wanawake wameifanya tangu zamani. Bamvua likifika, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yanatoka hadi mbali, nao wanatembea juu ya mwamba na vijiti vyao vya kuchokolea, wakitazama mashimo ambayo macho yangu mimi hayaoni kitu. Mwamba ukifungwa, mwanamke yule anaacha chakula kilicho mbele ya mlango wake kwa miezi mitatu. Watoto wanakula, ada za madrasa zinatakiwa, lakini ameahidiana na wenzake naye anatimiza ahadi. Kama mtu anayemhitaji pweza kwa riziki yake anaweza kumwacha kwa miezi mitatu, mimi niliyekuja kustarehe kwa saa tatu nashindwaje kuambiwa leo hakuna?

Halafu kuna upepo na mwezi, mambo ambayo watu wa mjini tumeyasahau na mvuvi hawezi kuyasahau hata siku moja. Kusi likivuma, kuanzia kama Mei hadi Septemba, bahari ya nje huchafuka na vyombo vidogo hubaki ndani ya mwamba. Wakati wa kaskazi, kama Desemba hadi Machi, maji yanatulia zaidi na mtu anaweza kufuata jodari na nguru mbali. Katikati yake kuna maleleji, siku ambazo upepo haujaamua. Wavuvi wa dagaa wanafuata giza, kwa maana mwezi ukiwaka angani taa zao hazina kazi. Kwa ufupi, kila samaki ana siku zake. Jibu la swali "leo kimeingia nini" limebeba ndani yake upepo, mwezi, kina cha maji na jasho la watu waliotoka alfajiri. Ukilisikiliza vizuri umejua bahari ilikuwaje kabla hujaonja hata tonge moja.

Wapo watakaonijibu kwamba mteja ni mfalme, amelipa fedha yake na ana haki ya kula anachokitaka. Fedha ina haki zake, sikatai. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na fedha ya mgeni imejenga nyumba na kusomesha watoto katika vijiji hivi. Lakini nenda dikoni wakati wa mnada uone fedha hiyo inavyogawanyika. Samaki wamepangwa juu ya mchanga, dalali anapandisha bei, na nyuma ya duara la watu wamesimama wanunuzi wa mahoteli na pikipiki zao zilizofungwa madeli ya barafu. Kamba koche, ngisi wakubwa na nguru vinapanda haraka hadi mama wa kijijini hawezi tena kuvigusa. Fungu la vibua linachelewa kupata mteja, na mvuvi aliyekesha nalo anaondoka na fedha kidogo. Hawakukosa utamu vibua wale. Walikosa mtu wa mjini wa kuwaagiza. Mgeni anayekubali kula kilichoingia anamlipa mvuvi kwa kazi aliyoifanya kweli, na anampunguzia sababu ya kuhatarisha maisha kufuata kile ambacho siku hiyo hakipo.

Na yule anayeng'ang'ania, anapata nini? Mara nyingi mwenye mgahawa, kwa kuogopa kumpoteza, hutuma mtu mjini akanunue samaki wa kwenye friza. Mgeni anakula mbele ya bahari samaki aliyekaa kwenye barafu siku nyingi, wakati hatua chache kutoka mezani pake kuna changu ambaye macho bado yanang'aa na matamvua bado mekundu. Amelipa zaidi, amekula kilicho duni, na kijiji hakikunufaika.

Siku ile ya Julai nilikula pweza wa nazi, na vibua wawili wa kubanika. Nilimwomba mama ruhusa nikae karibu na jiko. Binti yake alikuwa juu ya mbuzi akikuna nazi, mkono unazunguka bila yeye kuutazama. Akakamua kasimile akaiweka pembeni, akaongeza maji akakamua tui la pili. Pweza, aliyekwisha kuchemshwa hadi akalainika, akaingia kwenye tui lile jepesi pamoja na thomu, bizari na pilipili, moto ukapunguzwa. Kasimile ikaja mwisho kabisa, ikakorogwa taratibu isije ikakatika. Vibua walipakwa ndimu na chumvi tu, wakawekwa juu ya makaa ya vifuu. Mafuta yao yalidondokea motoni na moshi ukawarudia wenyewe. Wali ulikuwa wa nazi, na kachumbari ilikuwa ya embe mbichi.

Tulingoja muda mrefu. Mezani kwetu kulikuwa na mwenzetu aliyetazama saa mara kwa mara, nami namwelewa, mjini tumezoea chakula kinachotangulia njaa. Lakini kungoja kule ni sehemu ya mlo. Ni muda wa nazi kukunwa na moto kushika. Tukazungumza. Tukawaona watoto wakirudi kutoka chuoni na misahafu yao vifuani. Mzee mmoja aliyepita tukamkaribisha, akatuombea heri na kwenda zake. Chakula kilipofika tulinawa, tukala kwa mkono, na nyama ya vibua ilikuwa tamu kwa namna ambayo samaki ghali huifikia kwa nadra.

Nimelelewa katika ulaji wa namna hiyo. Nyumbani kwetu Tanga, mama alikuwa akinipa fedha na kikapu na kunituma pwani bila kunitajia samaki. "Kalete kitoweo," basi. Nilichokuta ndicho nilicholeta, na yeye alikuwa na mapishi ya kila kinachoweza kuingia kikapuni: tasi wa kukaanga, taa wa kuchanganywa na nazi, dagaa wa kurosti, na siku ambazo bahari ilitunyima tulikula kisamvu na kushukuru. Sikumsikia hata siku moja akisema samaki huyu hafai. Alikuwa akisema tu kwamba huyu anataka moto mdogo, huyu anataka ndimu nyingi. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoanza kuiona hekima iliyokuwamo. Mama alimpa kila samaki heshima yake, na kwa kufanya hivyo alimheshimu kila mvuvi, aliyebahatika na asiyebahatika.

Wahenga wanasema mla ni mla leo, mla jana kala nini. Katika kijiji cha wavuvi methali hiyo ni maelezo ya maisha yalivyo. Ya jana yameliwa, ya kesho hayajulikani, na ya leo ndiyo yaliyo juu ya mchanga. Anayeketi kula na watu hawa inampasa aingie katika hesabu yao, angalau kwa mlo mmoja.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji, hasa msimu wa sikukuu na likizo unapokaribia. Ukifika kijiji cha wavuvi, vaa mavazi ya kumstahi mwenyeji, salimia, kisha uliza kilichoingia leo. Ukiambiwa ni vibua, kula vibua. Ukimwona kamba koche mdogo au mwenye mayai, mkatae, na useme sababu ili mpishi na mvuvi wasikie kutoka kinywani mwa mteja. Usipunguze bei ya samaki wa kawaida kwa kuwa tu ni wa kawaida; aliyemvua amelowa maji yaleyale. Nanyi wenye migahawa, msiogope kusema hapana. Andikeni ubaoni kilichoingia asubuhi, na jina la upepo kama mnataka. Mgeni mwungwana atarudi, na atakuja na wenzake.

Tumezoea kusema kwamba kuilinda bahari ni kazi ya serikali, na serikali ina sehemu yake. Ghuba ya Menai, inayopakana na Kizimkazi, ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1997. Kamati za wavuvi nazo zina sehemu yao, na wengi wanaitimiza kwa kujinyima. Sehemu iliyobaki ni ya yule anayekula, na hiyo haihitaji sheria mpya wala doria. Inahitaji mtu aliyeshiba vya kutosha maishani mwake kuweza kusema: nipe ulicho nacho, mama, nami nitashukuru. Mvuvi hawezi kuiamrisha bahari, na sisi tunaomtegemea hatuna haki ya kumtaka aifanyie jeuri ili haja yetu ya siku moja itimie.